Uzi: Nicklas Lidström, beki aliyekaba kwa fimbo badala ya bega. Tuichambue kazi yake kiufundi

Mwanabarafu (mleta mada)

Wakuu, kwenye ule uzi wa mabeki bora wa hoki ya barafu mtu kamtaja Nicklas Lidström kwa mstari mmoja, "kachukua Norris nyingi", akapita zake. Huyu anastahili uzi wake. Naweka msingi, wenye ujuzi waongezee nyama.

Kazaliwa 28 Aprili 1970, kakulia Krylbo, pembeni ya mji wa Avesta nchini Uswidi. Klabu ya utotoni ni Skogsbo SK, kisha Västerås IK, iliyopanda ligi kuu mwaka 1988. Detroit Red Wings walimchagua 1989 kwenye ule utaratibu wa klabu za NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada) kugawana chipukizi kwa zamu: raundi ya 3, namba 53. Hakukimbilia Marekani. Alibaki Västerås misimu 2 mingine, akabeba ubingwa wa dunia na timu ya taifa 1991, ndipo akavuka bahari.

Kuanzia hapo mpaka anatangaza kustaafu 31 Mei 2012 hakuvaa jezi nyingine NHL. Misimu 20, mechi 1,564 za ligi, magoli 264, pasi za magoli 878. Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, mara 4 (1997, 1998, 2002, 2008), Tuzo ya Norris ya beki bora mara 7, dhahabu ya Olimpiki 2006.

Hoja yangu: urefu wa kazi yake na namna alivyokaba havitenganishiki. Mwili ulidumu kwa sababu hakuutumia kama nyundo. Anayepinga aje na vitu.

Beki_Kisiki

Napinga nusu. Usipomgonga mtu kwenye barafu haimaanishi yeye hatakugonga. Beki anayeokota kisahani (kile kidude bapa kinachochezwa badala ya mpira) nyuma ya goli lake akiwa ameipa mgongo presha ndiye anayeumia kuliko wote, awe mpole awe mkorofi. Kwa hiyo "hakutumia bega" hakutoshi kueleza misimu 20.

Kilichomwokoa ni kingine: aliangalia kabla ya kufika. Tazama mechi zake, kabla hajagusa kisahani kona kichwa kinageuka bega la kushoto, la kulia, mara nyingine tena. Akifika tayari anajua pasi inakwenda wapi, na inatoka kwa mguso wa kwanza au wa pili. Mkabaji anafika kumkumba, anakuta kisahani kimeshaondoka, na akiendelea kumgonga anaadhibiwa kwa kuchelewa. Beki anayeumia ni yule anayepokea, anatulia, halafu ndiyo anainua kichwa. Hizo sekunde 2 ndizo zinazovunja mabega ya watu.

Mwanabarafu

Nakubali, na naongezea hesabu. Nimejumlisha ratiba ya Detroit kwa misimu yake yote: 80 msimu wa kwanza, 84 mara mbili, 48 ule uliokatwa na mgomo wa wamiliki wa 1994-95, kisha 82 mara 16. Jumla 1,608. Alicheza 1,564, alikosa mechi 44 tu. Na 12 kati ya hizo ni za msimu wa mwisho, kifundo cha mguu kilipomsumbua. Ukiitoa hiyo, misimu 19 kakosa mechi 32.

Adhabu nazo: dakika 514 za kukaa nje maisha yake yote ya ligi. Kwa kuwa kosa dogo ni dakika 2, ni kama kosa moja kila mechi 6. Na huyu ndiye aliyekuwa akipangiwa washambuliaji wakali wa kila timu, kwa zaidi ya dakika 25 uwanjani misimu mingi.

Sauda_wa_Magongo

Kwa tunaoijua hoki ya nyasi: nasoma kila mahali kwamba siri yake ilikuwa "umbali". Umbali gani hasa, na unapimwaje wakati mtu anakuja na kasi ile? Kwenye nyasi beki unaweza kusimama, kwenye barafu sioni unasimamaje.

Fundi_Skeiti

Dada Sauda, hapo umegusa penyewe. Hausimami. Unarudi kinyumenyume uso ukimwelekea adui, na kazi yote ni kulinganisha kasi yako na yake.

Vipimo vinavyofundishwa ni hivi. Mshambuliaji akiwa katikati ya uwanja, baina yenu kuwe na urefu wa fimbo 2 hadi 3. Mkifika mstari wa buluu wa upande wako (ule unaofungua eneo lako la ulinzi) ibaki fimbo 1, kama mita 1.5. Ukiwa mbali kuliko hapo anaingia na kisahani bila bughudha, na mbaya zaidi anapiga kupitia katikati ya miguu yako huku umemziba kipa wako asione. Ukiwa karibu zaidi wakati kasi yako ya kurudi haijafikia yake ya kuja, anakupita kwa hatua mbili na hutamwona tena.

Wengi wanadhani umbali unarekebishwa mwishoni. Hapana. Unarekebishwa timu yako ikiwa bado inashambulia. Lidström alianza kurudi mapema kidogo, na alisogea mbele mapema kidogo wenzake walipokuwa wakimsumbua mpinzani. Ndiyo maana hukumwona akikimbizana na watu.

Pili, mstari. Chora kichwani mstari unaounganisha yale madoa ya kuanzishia mchezo, kuanzia lako mpaka la adui. Beki anabaki ndani ya mstari huo, upande wa goli. Mshambuliaji anaachiwa njia ya nje, ukutani. Anaona kuna nafasi anaifuata, na kila hatua pembe yake ya kupiga inapungua. Akifika usawa wa goli hana tena cha kupiga, unambana ukutani kwa nyonga bila kumrushia bega.

Tatu, fimbo. Mkono mmoja, kiwiko kimekunjwa karibu na ubavu, ubapa wa fimbo umegusa barafu mbele yako. Hapa ndipo vijana wanaharibu: wananyoosha mkono mapema. Ukishanyoosha, mshambuliaji ameshajua mwisho wako ni wapi, anakivuta kisahani sentimita 20 nje ya hapo na kukuzunguka. Lidström alificha urefu wa mkono wake. Alisubiri ile nukta mpinzani anapokitoa kisahani pembeni ya mwili na kukipeleka mbele, akadokoa mara moja kwa kunyoosha kiwiko, na fimbo ikarudi mahali pake. Akikosa, miguu ilikuwa bado inaelekea kulekule, hakupoteza kitu.

Nne, macho yanakaa kifuani kwa mpinzani. Kisahani kitakudanganya, mabega yanaweza kudanganya, kifua hakiwezi kwenda upande ambao mwili hauendi.

Kosa la mwisho ni kuvukisha miguu. Beki akiingiwa na wasiwasi anavukisha mguu mmoja juu ya mwingine ili ageuke akimbie. Nyonga zikishafunguka upande mmoja, mshambuliaji anakata upande wa pili. Rudi kwa kukata barafu kwa umbo la herufi C, mguu mmoja baada ya mwingine, visigino vikitazamana na goli lako, mpaka uwe na uhakika amechagua nje.

Sauda_wa_Magongo

Shukrani mkuu. Hilo la kuficha urefu wa mkono nalichukua kama lilivyo.

Omosh_Ice

Na kwa uwanja mdogo kama ule wa Panari pale Nairobi? Hizi fimbo 3 katikati hazipatikani, ukigeuka tu mtu amekufikia.

Fundi_Skeiti

Omosh, punguza hatua ya katikati, ya mstari wa buluu usiiguse. Anzia fimbo 1 na nusu, malizia na ile 1. Uwanja mfupi unamnyima mshambuliaji kasi pia, kwa hiyo hatari ya kupitwa kwa kasi ni ndogo, ila hatari ya kupigiwa shuti la mapema ni kubwa. Fimbo ikae kwenye njia ya shuti, mwili kwenye njia ya goli.

Lidström mwenyewe aliupitia huo mpito. Viwanja vya Uswidi ni mita 60 kwa 30, vya NHL ni kama 61 kwa 26. Mita 4 za upana zikiondoka, mshambuliaji wa pembeni yuko karibu na goli tayari, na anayebeba kisahani ana muda mchache. Mabeki wengi wa Ulaya walikwama hapo mwaka wa kwanza. Yeye msimu wa 1991-92 alicheza mechi zote 80 akapata pointi 60, magoli 11 na pasi 49. Kura za mchezaji bora wa msimu wa kwanza zilimweka wa pili nyuma ya Pavel Bure.

Beki_Kisiki

Msimsahau aliyecheza naye msimu huo, Brad McCrimmon. Mkongwe, mtu wa kubaki nyuma, haendi mbele hata umwite. Kijana akipanda na mchezo, mzee yupo. Makocha wanaomtupa chipukizi pamoja na chipukizi mwenzake halafu wanashangaa magoli yanatoka wapi, wajifunze hapo.

Mzee_Kigoda

Tuje kwenye fainali ya 1997, maana bila hiyo uzi haujakamilika.

Detroit dhidi ya Philadelphia Flyers. Flyers walikuwa na mstari wa mbele wa Eric Lindros, John LeClair na Mikael Renberg, majitu. Walikuwa wamewavunja mabeki wa timu zote za mashariki kwa kuwakumba. Kila mtu alitegemea kocha Scotty Bowman awatupie Vladimir Konstantinov, aliyekuwa akigonga watu kama mlango uliofungwa na upepo. Bowman akafanya kinyume: akawapa Lidström na Larry Murphy, mabeki wawili wasiogonga mtu.

Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Lindros na LeClair walitaka kugongana, maana kwenye kugongana walikuwa na uzito zaidi. Kisahani kinaingizwa kona, beki anakifuata, anakumbwa, kisahani kinabaki kwao. Murphy na Lidström hawakukaa na kisahani muda wa kutosha kukumbwa. Kikitupwa kona, mmoja anakiokota, mwingine ameshasimama nyuma ya goli au mbele ya nguzo akisubiri pasi ya mita 5, na pasi ya pili inatoka nje ya eneo. Flyers wakawa wanagonga hewa na kurudi nyuma wamechoka.

Matokeo: 4-2, 4-2, 6-1, 2-1. Mechi 4, kombe. Lindros alifunga goli 1 fainali nzima, mechi ya 4, zikiwa zimebaki sekunde chini ya 15.

Mwanabarafu

Na siku 6 baada ya ubingwa huo, 13 Juni 1997, ikatokea ajali ya limuzini iliyomaliza kazi ya Konstantinov, ambaye msimu huo alikuwa wa pili kwenye kura za Norris. Detroit walipoteza nguzo upande mmoja wa ulinzi, na mzigo ukamwangukia Lidström. Msimu uliofuata akafunga magoli 17 na kombe likarudi. Kisha akawa wa pili Norris miaka 3 mfululizo: 1998 nyuma ya Rob Blake, 1999 nyuma ya Al MacInnis, 2000 nyuma ya Chris Pronger. Alipoipata 2001 alikuwa na miaka 31.

Konstantinov naye alitoka kwenye mgao uleule wa 1989, namba 221. Sergei Fedorov namba 74. Timu moja, siku moja! Skauti wao wa Uswidi aliyemleta Lidström alikuwa Christer Rockström.

Chochezi2

Mnamsifia kwa kukaba tu, na zile pointi 1,142? Mashuti yake hayakuwa makali kiasi hicho, MacInnis alikuwa akivunja watu mifupa. Aliyapataje magoli?

Fundi_Skeiti

Chochezi, shuti la beki anayesimama kwenye mstari wa buluu halihitaji kumshinda kipa. Linahitaji kufika. Kutoka pale mpaka golini ni kama mita 18, na katikati kuna watu 6 mpaka 8. Shuti kali linalogonga mguu wa mkabaji ni shambulio la kushtukiza upande wako.

Alivyofanya yeye: anapokea, anasogea hatua 2 pembeni sambamba na mstari ili mkabaji aliyemfuata atoke kwenye njia, kisha anapiga chini, kati ya kifundo na goti. Urefu huo kipa haoni vizuri, na mwenzake aliyesimama mbele ya goli anaweza kukichepusha kwa fimbo. Aliyesimama pale kwa miaka mingi alikuwa Tomas Holmström, Mswidi mwenzake kutoka Piteå, aliyechaguliwa namba 257 mwaka 1994. Makalio yake yalikuwa usoni kwa kipa muda wote Detroit wakicheza na mtu wa ziada, mpinzani akiwa nje kwa adhabu. Tatizo la mbinu hii ni mwamuzi: Holmström akiingiza kisigino eneo la kipa, goli linafutwa, na kwao lilifutwa mara nyingi.

Kingine hakionekani kwenye takwimu. Ukuta wa nyuma wa Joe Louis Arena, uwanja wa nyumbani wa Detroit, ulikuwa unarudisha kisahani kwa nguvu isiyo ya kawaida. Lidström alikuwa anapiga nje ya nguzo makusudi, kisahani kinagonga ukuta, kinarudi upande wa pili wa goli, kipa bado anatazama kulikotoka shuti. Wageni walidhani amekosa.

Beki_Kisiki

Halafu lile la Vancouver, 21 Aprili 2002. Raundi ya kwanza, Detroit wameshapoteza mechi 2 nyumbani kwao. Mechi ya 3, 1-1, kipindi cha pili kinaisha, sekunde 24 na kitu zimebaki. Lidström anapiga kutoka karibu na mstari wa katikati, Dan Cloutier anakosa, kisahani wavuni. Detroit wakashinda 3-1, hawakupoteza tena mfululizo ule. Msimu ukaisha na kombe, na yeye akachukua Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano, Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kuipata.

Kipa alilaumiwa sana. Lakini kupiga kwenye lango toka kule wakati wengine wanarusha tu kisahani kona na kwenda benchi kubadilishana, hiyo ni akili.

Chochezi2

Sawa, ila Norris ya 2011 ilikuwa ya heshima. Msimu ule alikuwa -2 (magoli ya timu yake kutoa ya kufungwa, yeye akiwa uwanjani). Beki bora wa dunia timu inafungwa zaidi akiwa uwanjani?

Mwanabarafu

Hapo una hoja, na nitakupa silaha zaidi: -2 ndiyo msimu pekee wa hasi kati ya 20, na jumla yake ni +450. Waliompigia kura walitazama magoli 16 na pointi 62 akiwa na miaka 40, na 15 Desemba 2010 alifunga magoli 3 mechi moja dhidi ya St. Louis, beki wa kwanza wa umri huo kufanya hivyo NHL. Kwangu Norris zake za 2002 na 2008 hazina ubishi, ya 2011 inabishaniwa. Lakini ukiiondoa bado ana 6. Bobby Orr anazo 8, Doug Harvey 7.

Mzee_Kigoda

Swali la maana zaidi ni kwa nini alipanda baada ya miaka 35, wakati mabeki wengi huporomoka. Jibu ni sheria. Baada ya msimu wa 2004-05 kufutwa, NHL ilianza kuadhibu kushikana na kuzuiana kwa fimbo, na ikaondoa katazo la pasi inayovuka mistari miwili. Mabeki waliokuwa wakiishi kwa kuning'inia mgongoni kwa watu walikwisha siku hiyo. Yeye hakuwa na cha kubadilisha. Msimu wa 2005-06 akapata pointi 80, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake. Pasi ndefu sasa zilikuwa halali, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Msimu huohuo, 26 Februari 2006, fainali ya Olimpiki Torino. Uswidi na Ufini, 2-2, kipindi cha tatu kinaanza. Saku Koivu anavunjika fimbo kwenye kuanzisha mchezo, anakimbilia benchi kutafuta nyingine. Mats Sundin anaona nafasi, anaingia eneo la Ufini, anaacha pasi nyuma kwa Lidström anayekuja. Shuti la moja kwa moja, juu. Sekunde ya 10. Ikaisha 3-2.

Sauda_wa_Magongo

Unahodha je? Kuna mtu alisema alikuwa mkimya mno.

Mzee_Kigoda

Mkimya kweli. Alipewa 2006 Steve Yzerman alipostaafu, na 2008 akawa nahodha wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa kimchezo Ulaya kunyanyua Kombe la Stanley, baada ya kuwafunga Pittsburgh mechi 4-2.

Omosh_Ice

Mbona mwishoni alikuwa anasaini mwaka mmoja mmoja? Klabu haikumwamini?

Mwanabarafu

Ni kanuni ya mishahara. Chini ya mkataba wa ligi wa 2005, mchezaji akisaini mkataba wa miaka kadhaa akiwa na miaka 35 au zaidi kisha akastaafu katikati, mshahara wake unaendelea kuhesabiwa kwenye kikomo cha mishahara cha klabu. Mwaka mmoja mmoja unaondoa hatari hiyo, na unampa yeye uhuru wa kujipima kila kiangazi. 2010 na 2011 alisaini kwa dola milioni 6.2 kila mara. 2012 akaona nguvu haitoshi, akaacha, na Detroit hawakubaki na deni. Jezi namba 5 ilipandishwa darini 6 Machi 2014, Ukumbi wa Heshima ukamwingiza 2015.

Chochezi2

Nipeni mechi ya kuanzia. Moja.

Fundi_Skeiti

Fainali ya 1997, mechi ya 1, Philadelphia. Kamera ikifuata kisahani wewe baki na namba 5, hasa Lindros akiwa uwanjani. Hesabu mara ngapi anageuza kichwa kabla ya kuokota kisahani kona, na kinakaa naye sekunde ngapi. Kisha tazama zamu ileile tena ukimfuata Murphy, uone alikuwa ameshasimama wapi.